Chanjo ya Mbwa Ije Mwaloni: Barua ya Wazi kutoka Itungi

Kwa: Viongozi na wanachama wa vikundi vya usimamizi wa rasilimali za uvuvi (BMU), mialo ya Itungi, Kiwira na Matema
Nakala: Ofisa Mifugo wa Wilaya, Mganga Mkuu wa Wilaya, Ofisa Uvuvi, watendaji wa kata na vijiji vya mwambao, Wilaya ya Kyela

YAH: USALAMA WA MBWA NA WATU UFUKWENI KABLA YA SIKUKUU ZA MWISHO WA MWAKA





Mimi ni mwanika usipa, yaani dagaa wa ziwa letu, hapa Itungi, na pia nafuga mbwa. Najua kwamba kwa wengi wenu mambo hayo mawili hayapatani. Mbwa akipita juu ya usipa uliotandazwa ni hasara. Akiukojolea ni hasara pamoja na aibu mbele ya mchuuzi aliyeshuka kutoka Mbeya na magunia yake. Hilo silitetei. Ninachoomba ni hiki: chanjo ya kichaa cha mbwa iletwe mwaloni penyewe, alfajiri boti zinapoingia, na irudi kila mwaka. Na mwalo upangwe ili mbwa aweze kuwepo bila kuuawa, wala kuwa hatari kwa mtoto wa mtu.

Naandika sasa kwa sababu Desemba inakaribia. Krismasi na Mwaka Mpya watu hushuka ziwani kutoka Kyela mjini, Tukuyu na Mbeya, wengine na familia nzima na mbwa wao nyuma ya gari. Wengi huenda Matema, lakini hata huku kwetu watu hujaa. Siku hizo mbwa wa mwaloni, mbwa wa wageni, watoto wanaooga, nyama inayochomwa na pombe vinakutana kwenye kipande kimoja cha mchanga. Mbwa mmoja akimng'ata mtoto, kitakachofuata tunakijua. Kwanza rungu. Kesho yake mtu anatia sumu kwenye matumbo ya samaki, na mbwa wa jirani ambaye hakumgusa mtu anakufa akitoa povu chini ya mtumbwi.

Nianze na hao mbwa wenyewe. Abiria wanaosubiri meli huwaona wamelala kwenye kivuli cha mitumbwi, wakadhani hawana wenyewe. Sisi tunawajua mmoja mmoja. Yupo jike mwekundu asiyelala mpaka boti ya tajiri wake ifungwe. Yupo dume mwenye sikio lililochanika anayelinda nyavu za familia moja ya huku Itungi. Ukisogea usiku bila kuita jina la mwenye boti, hakuachi. Majumbani ni hivyo hivyo. Mbwa ndiye anayekesha na kakao iliyoanikwa uani, ndiye anayefukuza tumbili na nguruwe pori mashambani. Hawa ni mbwa wa kazi. Wana watu wanaowalisha, wana majina, ila hawana kamba shingoni, na hapo ndipo mipango ya chanjo inapokwama.

Tangazo la chanjo la kawaida, kokote nchini, humwambia mwananchi amlete mbwa wake ofisi ya kijiji saa tatu asubuhi. Saa tatu mvuvi wa usipa amelala, kwa kuwa usiku kucha alikuwa ziwani na taa zake. Mbwa wenyewe wamekwishashiba na kutawanyika. Anayebaki kumpeleka ni mtoto wa darasa la tatu na kipande cha kamba, akimburuta mnyama ambaye hajawahi kufungwa maishani mwake, mpaka kamba ikatike au mtoto ang'atwe. Alfajiri mambo ni mengine. Boti zikigusa mchanga, mbwa wote wapo. Wanakaa karibu na kina mama wanaopara samaki, kila mbwa na mama yake. Mama huyo anaweza kumwita, akamshika kichwa, akambana kati ya magoti huku akimsemesha, na daktari wa mifugo akamdunga sindano kabla hajajua kumetokea nini. Asubuhi moja ya namna hiyo ingewafikia mbwa ambao ofisi ya kijiji haiwaoni mwaka mzima. Njooni siku yoyote saa kumi na mbili mjionee.

Watoto wa mbwa wasiachwe nyumbani kwa kudhaniwa kuwa ni wadogo mno. Utafiti uliofanywa Afrika umeonyesha kwamba hata wa chini ya miezi mitatu miili yao huitikia chanjo, na hao ndio wanaochezewa zaidi na watoto wetu.

Sasa kuhusu ugonjwa wenyewe. Kichaa cha mbwa kikishaonyesha dalili kwa mtu, hakuna hospitali ya kumrudisha. Duniani kinakadiriwa kuua watu wapatao 59,000 kila mwaka, na katika kila kumi wanaopata kichaa hicho, wanne ni watoto wa chini ya miaka 15. Kwa Tanzania, makadirio ya watafiti mwanzoni mwa miaka ya 2000 yalifika vifo kama 1,500 kwa mwaka, vingi vikitokea majumbani bila kuandikwa popote. Karibu vyote hutokana na kung'atwa na mbwa. Kirusi chake hakina haraka. Kikiingia kwenye jeraha hupanda taratibu kwenye mishipa ya fahamu kuelekea ubongoni, na safari hiyo huchukua mwezi, miezi miwili au mitatu, pengine hata mwaka. Jeraha linakuwa limepona na kusahaulika. Mtoto anapoanza kuogopa maji na kuweweseka, familia inatafuta aliyemroga.

Huo muda wa kirusi kusafiri ndio nafasi tuliyopewa. Jeraha likioshwa mara moja kwa sabuni na maji mengi yanayotiririka, dakika 15 kamili, kirusi kingi hufa hapo hapo, maana gamba lake ni la mafuta na sabuni huliyeyusha. Kisha aliyeng'atwa aende kuanza sindano siku hiyo hiyo. Asisubiri kuona kama kidonda kitavimba, asipakwe mafuta ya taa, pilipili wala majivu. Naomba kila banda la BMU liwe na mche wa sabuni na ndoo yenye koki kwa kazi hiyo tu. Naomba pia ukutani pabandikwe karatasi inayosema, kwa wiki husika, chanjo ya binadamu inapatikana wapi: Hospitali ya Wilaya pale mjini, Hospitali ya Matema, au ni lazima kupanda hadi Mbeya. Mganga Mkuu, ombi hili ni lako. Mzazi mwenye mtoto aliyeng'atwa hapaswi kukodi bodaboda kwenda kubahatisha.

Na mbwa aliyeng'ata asiuawe hapo hapo, kama anaweza kufungwa bila kumdhuru mwingine. Mbwa ambaye tayari ana kirusi kwenye mate huugua na kufa ndani ya siku chache. Akifungwa mahali salama kwa siku 10, akala, akanywa na kubaki mzima, basi siku aliyong'ata hakuwa na cha kuambukiza, na daktari anaweza kumwachisha mgonjwa sindano zilizobaki. Ukimponda kichwa na kumtupa ziwani, umeitupa taarifa ambayo daktari aliihitaji, na familia imebaki na gharama na hofu. Akifa mwenyewe ndani ya siku hizo, Ofisa Mifugo aitwe ili sampuli ya ubongo ipelekwe kwa Wakala wa Maabara ya Veterinari. Mtu asiye na mafunzo asiuguse mzoga huo kwa mikono mitupu.

Nafika kwenye jambo linalotugawa. Mahali pengi nchini, mbwa wakizidi au kichaa kikiingia, jibu la kwanza ni bunduki au sumu. Naelewa hasira iliyo nyuma ya jibu hilo. Aliyefiwa na mtoto haambiwi apende mbwa. Lakini tutazame limefanya kazi wapi. Mwaka 1997 kichaa kiliingia kisiwa cha Flores, Indonesia, pamoja na mbwa waliosafirishwa na wavuvi kwa boti kutoka kisiwa kingine. Wakubwa wa huko wakaagiza mbwa wauawe, na wakauawa maelfu kwa maelfu. Ugonjwa haukutoka. Sababu yake mvuvi yeyote anaielewa. Mbwa anapouawa, mwenye boti bado anataka mlinzi, kwa hiyo wiki inayofuata anamleta mtoto wa mbwa kutoka kijiji kingine, hajachanjwa, pengine tayari ana kirusi. Wengine wanawahamisha mbwa wao usiku ili wasiuawe, na ugonjwa unahama nao. Na risasi haichagui: inamuua aliyechanjwa pamoja na asiyechanjwa, wakati aliyechanjwa ndiye aliyekuwa ukuta kati ya kirusi na watoto wetu.

Pemba walifanya vingine. Walianza kuchanja mbwa kisiwa kizima, na kufikia 2014 kichaa kilikuwa kimekatika. Mwaka 2016 kikarudi kutoka nje ya kisiwa. Wakachanja tena, raundi baada ya raundi, wakifuatilia kila aliyeng'atwa na kila mbwa aliyeng'ata, na kufikia Oktoba 2018 kikawa kimetoweka kwa mara ya pili. Wapemba wengi hawafugi mbwa ndani na wengine hawapendi hata kumgusa, lakini walikubali achanjwe. Ng'ambo ya ziwa letu, Malawi, jiji la Blantyre lilikuwa likipoteza watoto wengi kwa kichaa katika hospitali yake kuu ya Queen Elizabeth. Mwaka 2015 shirika la Mission Rabies na wenzao wa Malawi walichanja mbwa zaidi ya 35,000 kwa siku 20, na miaka iliyofuata vifo vya watoto pale hospitalini vikashuka.

Nimetaja Flores na Pemba makusudi, kwa sababu ya boti. Sisi tuko penye njia. Mbwa wanavuka na watu kwenye mitumbwi ya mto Songwe, wanakwenda na wavuvi wanaohama kambi kufuata samaki, wanateremshwa Lupingu, Manda na Mbamba Bay. Hata wilaya nzima ikichanja vizuri mwaka huu, mbwa mmoja mgonjwa akishuka kwenye mtumbwi anaweza kuanzisha upya. Kwa hiyo anayemsafirisha mbwa kwa boti au meli aulizwe kadi ya chanjo, na mwaloni awepo mtu wa kuiuliza. BMU mnakagua nyavu za macho madogo. Na hili mnaliweza.

Wataalamu wanasema wakichanjwa mbwa saba katika kila kumi, ugonjwa hukosa pa kupita. Ugumu ni kwamba mbwa hufa na kuzaliwa haraka. Kijiji kilichofika saba kati ya kumi mwaka huu, ukikiacha, baada ya mwaka mmoja au miwili kimejaa mbwa vijana wasiochanjwa. Kwa hiyo kampeni ya siku moja, inayokuja pesa ikiwepo na kupotea ikikosekana, haitoshi. Tunahitaji chanjo inayokaa karibu nasi.

Hapo jibu linalotolewa siku zote ni ubaridi: chanjo inataka friji, friji inataka umeme. Naomba wataalamu wetu wa mifugo walitazame jibu hilo upya. Utafiti uliochapishwa 2016 ulionyesha kwamba chanjo ya Nobivac, inayotumika sana hapa nchini, hubaki na nguvu hata ikikaa miezi sita kwenye joto la nyuzi 25, au miezi mitatu kwenye nyuzi 30. Baadaye mtafiti wetu Mtanzania, Ahmed Lugelo, na wenzake walitengeneza chombo cha kuihifadhia kisichotaka umeme, cha udongo, kinachopozwa na maji yanayokauka kwenye kuta zake. Mkoani Mara chanjo ilikaa vijijini chini ya watu wa hapo hapo waliofundishwa, wakichanja mbwa kadiri wanavyozaliwa na kuhamia, na ikaonekana kwamba mpango wa aina hiyo unaweza kuwafikia mbwa wengi kuliko timu inayokuja mara moja na kuondoka.

Chungu, ndugu zangu! Hapa Kyela, ambapo kina mama wa Kikisi wa Ikombe wanafinyanga vyungu vinavyopakiwa kwenye mitumbwi hadi soko la Jumamosi la Lyulilo, na kutoka hapo vinapanda magari kwenda Tukuyu na Mbeya. Sidhani kama kuna wilaya nyingine Tanzania yenye mafundi wa udongo karibu hivi na ufukwe wenye mbwa. Kuna kikwazo kimoja cha kweli: chombo cha namna hiyo hupoza vizuri hewa ikiwa kavu, na hewa ya Kyela ni nzito, hasa mvua zikikaribia. Kwa hiyo tusikiamini kwa macho. Kifinyangwe Ikombe kwa vipimo vya wataalamu, kiwekwe kivulini na kipimajoto ndani, joto liandikwe asubuhi na mchana kwa miezi mitatu. Likipanda kupita kiwango, tumejua, na chanjo ibaki kwenye friji ya kituo cha afya kilicho karibu. Lisipopanda, tutakuwa tumepata ghala la chanjo lililofinyangwa na mikono ya mama zetu. Kipimo hicho ni cha gharama ndogo, na Ofisa Mifugo anaweza kukianza bila kusubiri bajeti ya mwaka mpya.

Niende sasa kwenye mpangilio wa mwalo, na hapa nasema na kina mama wenzangu kama ninavyosema na viongozi.

Tunapara samaki kwenye kina kifupi, matumbo tunayaacha majini. Mbwa wanaingia kuyafuata. Mamba nao wanayafuata, maana mito yetu, Kiwira, Mbaka, Lufilyo, Songwe, yote inakomea ziwani, na midomo ya mito ndiyo makazi yao. Mamba hurudi pale alipopata chakula. Akimkamata mbwa leo mahali tunapoparia, kesho atajilaza hapo hapo, na mtoto anayeingia kumwita mbwa wake atamkuta. Tuchimbe shimo la matumbo mbali na maji, liwe na mfuniko wa mbao, na meza ya kuparia iwe nchi kavu. Matumbo yakichemshwa ni chakula kizuri cha mbwa na nguruwe, na kuchemsha kunaua minyoo. Mbwa akizoea kulishwa juu, nyuma ya banda, hana cha kumshusha majini.

Kuhusu usipa wetu: tuanike kwenye chanja. Najua mbao na nyavu za chanja ni pesa, lakini usipa wa chanjani haugusani na mavi ya mbwa, hauna mchanga, na mchuuzi anaulipia vizuri zaidi. Kinyesi cha mbwa kina mayai ya minyoo ya safura; yakianguliwa mchangani, viluwiluwi vyake huingia kwenye ngozi ya mguu wa mtoto anayecheza peku na kumwachia mstari unaojikunja na kuwasha. Matekenya nao hukaa kwenye nyayo za mbwa kama wanavyokaa kwenye zetu. Daktari akija na chanjo, aje na dawa za minyoo. Safari ni ile ile.

Halafu ndoana. Kamba za ndoana zilizotegwa chambo huachwa juani kwenye boti na mitumbwi, na mbwa hufuata harufu. Nimemwona mbwa akikimbia na uzi ukining'inia mdomoni, na vijana wenye nia njema wakiukamata kuuvuta. Usivute kamwe. Ndoana ina mwiba wa kurudi nyuma. Ukivuta inachana koo au tumbo. Kama imemezwa, uache uzi ukiwa mrefu, ufunge kwenye ukanda wa shingo ili asiumeze wote, na atafutwe daktari wa mifugo. Kama ipo kwenye mdomo au mguu na inaonekana, wawili wamshike, mdomo wake ufungwe kwa kitambaa kwa dakika chache, ncha isukumwe mbele mpaka itokeze upande wa pili, mwiba ukatwe kwa koleo, ndipo kilichobaki kirudishwe nyuma kilikoingilia. Mbwa mwenye maumivu hung'ata hata mkono unaomlisha, kwa hiyo anayeshika kichwa awe mtu anayemjua.

Kwa wageni wa sikukuu, naomba ubao mmoja mkubwa penye maegesho ya Matema na mwingine hapa Itungi. Uwaambie kwanza jambo ambalo wengi hawalifikirii: Mbeya iko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na ziwa liko chini ya mita 500. Mbwa aliyezoea baridi ya Mbeya anateremshwa zaidi ya mita 1,000 kwa saa chache, anafika kwenye joto na unyevu wa Kyela mwezi Desemba, na manyoya yake ni yale yale. Mbwa hatoki jasho mwilini kama sisi. Hujipoza kwa kuhema, na hewa yenye unyevu mwingi inamnyima hata hilo. Asiachwe ndani ya gari hata kidogo, vioo vikiwa wazi au vimefungwa. Weka kiganja chako mchangani; kama huwezi kukiacha hapo ukihesabu taratibu hadi saba, nyayo zake nazo zinaungua. Mlete asubuhi au jioni, mchana akae chini ya mwembe na bakuli la maji.

Akianza kuhema kwa nguvu bila kukoma, mate yakawa mazito, fizi zikawa nyekundu na akapepesuka, huo si uchovu wa mchezo, anakufa kwa joto. Mwingize kivulini, mmwagie maji ya ziwa tumboni, mapajani na kwenye nyayo, mpepee, mpe maji kidogo kidogo, kisha mkimbize kwa daktari hata akionekana amepata nafuu.

Ubao huo uwataje pia mamba kwenye midomo ya mito, na mifupa ya kuku na samaki inayochoma koo, na useme wazi kwamba mbwa wa mgeni abaki na kamba. Mbwa wa mwaloni wana maeneo yao. Mgeni akimwachia wake, mapigano hayakwepeki, na anayeumia mara nyingi ni mtu aliyeingilia kuwaamua. Kadi ya chanjo iombwe getini pamoja na ada ya maegesho. Asiyekuwa nayo asifukuzwe, ila mbwa wake abaki mbali na maji na watoto.

Mbwa wa mwaloni waliochanjwa tuwatambue kwa alama. Tuna nyavu zilizochakaa kila kona; uzi wa rangi moja kwa kila mwaka, usokotwe kuwa ukanda mpana, ufungwe shingoni ukiacha nafasi ya vidole viwili. Mtoto akiona mbwa mwenye ukanda wa mwaka huu, anajua amechanjwa. Mzazi akiona asiye nao, anatuita. Mwenye hasira na rungu mkononi akiuona, nadhani atasita, na Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya 2008 iko upande wa anayesita, kwa kuwa inakataza kumtesa mnyama.

Sisi kina mama wa kuanika tuko tayari kushika mbwa alfajiri hiyo, kusokota kanda, na kuchangia sabuni ya banda. Vijana wa boti wameniambia watachimba shimo, mbao zikipatikana. Kwa upande wenu tunaomba mambo matatu tu kwa sasa: tarehe ya chanjo mwaloni kabla ya Krismasi, karatasi ya Mganga Mkuu ukutani, na ruhusa ya kujaribu chungu cha Ikombe. Jibu tunaomba litolewe kwenye mkutano wa mwalo kabla Novemba haijaisha, mbele ya wavuvi na kina mama, ili mwenye swali aulize hapo hapo na mwenye pingamizi asikike.



Mwanika usipa,
Mwalo wa Itungi, Kyela